Utiririshaji wa Data: Tutafsiri Neno au Jambo?

Makala haya yamechochewa na aibu. Mwaka jana mwenzangu anayesomea sayansi ya kompyuta alinijia na ombi. Alikuwa akiwafunza vijana kadhaa mjini Embu namna seva inavyoweza kutuma jibu la wavuti kipande kwa kipande, katika programu iliyoandikwa kwa lugha ya Haskell, naye alitaka istilahi za Kiswahili. Nilifungua kamusi, nikaona neno la Kiingereza lahusiana na kijito, nikampa "mtiririko" bila kusita. Siku ya somo kijana mmoja aliyetoka kidato cha nne juzi aliuliza iwapo vina vya jibu hilo hufanana toka mwanzo hadi mwisho. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana kijana alikuwa na haki: katika ushairi tunaoufundisha shuleni, mtiririko ni shairi ambalo vina vyake vya kati na vya mwisho havibadiliki katika beti zote.

Nilirudi kwa mwenzangu nikamsihi anieleze jambo lenyewe, neno tuliweke kando. Kwa kawaida, alisema, seva huandaa jibu zima, hulipima, hutangaza urefu wake, ndipo hulituma. Jibu likiwa kubwa, tuseme orodha ya malipo ya maelfu ya wakulima wa majani chai kule Imenti, seva hulazimika kulibeba lote katika kumbukumbu yake, huku mkulima mwenye simu akikodolea macho ukurasa mtupu. Itifaki ya HTTP toleo la 1.1, iliyochapishwa mwaka 1997, ilifungua njia nyingine. Kila kipande hutanguliwa na ukubwa wake, na kipande chenye ukubwa wa sifuri ndicho ishara kwamba jibu limekwisha. (Toleo la 2 la mwaka 2015 lina utaratibu wake wa vipande, lakini wazo ni lile lile.) Seva haihitaji kuujua mwisho wa jibu ndipo ianze kulitoa. Fanani wa ngano naye hufanya vivyo hivyo. Hadhira hupokea tukio baada ya tukio, naye huvuta subira hadhira inapokawia kuitikia.

Lugha ya Haskell, ambayo ilizinduliwa mwaka 1990, ina tabia inayoitwa uvivu: haikokotoi kitu mpaka kitakapohitajiwa. Kwa sababu hiyo mtu aweza kuandika orodha isiyo na mwisho na programu isikwame. Nilidhani basi kwamba uvivu huo watosha kwa kazi yetu. La hasha! Faili ikisomwa kivivu, huenda ikafungwa kabla haijasomwa, ama ikabaki wazi muda mrefu, na faili za namna hiyo zikizidi, seva hushindwa kufungua nyingine. Ndiyo maana zikatungwa maktaba kama conduit na pipes. Hizi huunganisha chanzo, vichujio na kipokezi. Conduit hasa huhakikisha kwamba kilichofunguliwa kimefungwa, hata hitilafu ikitokea katikati ya safari. Tena, na hapa ndipo niliposhtuka, katika maktaba hizi mwendo hauanzi kwenye chanzo. Kipokezi ndicho huomba kipande, nacho chanzo hutoa. Kipokezi kikichelewa, chanzo husubiri.

Mkulima wa miteremko ya Mlima Kenya, awe Mmeru au Mwembu, ataelewa tofauti hii upesi kuliko mimi. Maji ya mfereji husukumwa na mteremko. Yatakuja uwe tayari usiwe tayari, na usipofunga lango yatazamisha kitalu. Maji ya kisima huchotwa kwa kadiri ya mahitaji ya mchotaji. Kitenzi "kutiririsha" kinatupa picha ya mfereji peke yake, ilhali data katika maktaba hizi huchotwa. Kwa maoni yangu tukiache "kutiririsha" kwa kazi ya seva mbele ya mtumiaji, maana kimekwisha kuzoeleka, na kazi ya ndani ya programu tuiite "kuchota". Mtiririko tuuachie ushairi.

Najua wako watakaouliza Haskell yatuhusu nini sisi wa fasihi. Seva za WhatsApp, ambayo sote twaitumia kutumiana notisi na umbea, zilijengwa kwa Erlang, lugha ya jamii hiyo hiyo iliyoanzia kampuni ya Ericsson katika miaka ya 1980. Kiswahili nacho kimekwisha kuingia katika kompyuta: Jambo OpenOffice ilizinduliwa Dar es Salaam mwaka 2004. Kazi hiyo ilishughulikia zaidi maneno ambayo mtumiaji huyaona kwenye kioo. Dhana za yule anayeunda programu ziliachwa, huku sisi tukitumia nguvu nyingi kubishana kati ya "kompyuta" na "tarakilishi".

Chuo Kikuu cha Embu, Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru viko katika eneo la Mlima Kenya. Chama chetu kingeweza kuketi na wanafunzi wa kompyuta wa vyuo hivyo, wao waeleze, sisi tuulize maswali ya kijinga, na istilahi isiandikwe kabla ya mwanafunzi wa Kiswahili kulieleza jambo kwa maneno yake bila msaada.

Mimi na mwenzangu tungali tunazozana kuhusu jina la jamii nzima ya lugha hizi. Nilipendekeza "lugha amilifu", akanikumbusha kwamba wanaisimu wanayo sarufi amilifu, nayo huchunguza matumizi ya lugha, hali hapa kinachozungumzwa ni kanuni ya kihisabati inayopokea thamani moja na kurudisha nyingine. Nikampa "lugha za kifomula". Hilo pia amelikataa, na sababu zake bado sijazielewa vizuri. Amenialika Chuka tuendelee.