Tamthilia zimulike waliofumba macho, si mdhulumu pekee

MNAMO Oktoba 2023, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha tamthilia ya sehemu nne iitwayo The Reckoning. Ilisimulia maisha ya Jimmy Savile, mtangazaji aliyeenziwa na taifa zima kwa miongo kadhaa. Baada ya kifo chake mwaka wa 2011, ilibainika kuwa aliwadhulumu kimapenzi mamia ya watu, wengi wao watoto.

Mwigizaji Steve Coogan alisifiwa kwa umahiri wake. Hata hivyo, wakosoaji walilalamika kuwa tamthilia hiyo haikuyachimba vya kutosha makosa ya BBC yenyewe. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Mnamo Desemba 2011, kipindi cha Newsnight cha shirika hilo kiliuweka kando uchunguzi kumhusu Savile, na ni kituo pinzani cha ITV kilichofichua ukweli Oktoba 2012. Ripoti ya Jaji Janet Smith ya mwaka wa 2016 ilieleza jinsi wafanyakazi walivyoogopa kuwashtaki nyota wa shirika.

Hapa ndipo penye hatari ya tamthilia za aina hii. Mwigizaji hodari humfanya mdhulumu kuwa kitovu cha kila kitu. Mtazamaji hulala akiamini kwamba uovu ulikuwa wa mtu mmoja, naye amekwisha kuzikwa. Lakini Savile hakujipa mwenyewe funguo za hospitali ya Broadmoor. Alipewa.

Suala hili linatuhusu sisi wa Mombasa bara kuliko tunavyodhani. Mgeni hutua katika uwanja wa ndege wa Moi ulioko Changamwe, hulala katika hoteli za Bamburi na Shanzu kule Kisauni, au huvuka feri ya Likoni kuelekea Diani. Miongoni mwa wageni wema walio wengi, hupenya mwenye nia mbaya. Huyo hahitaji kipindi cha runinga ili awe mashuhuri. Akilipa karo na kuezeka nyumba ya mjane, huitwa mfadhili, na mfadhili haulizwi maswali.

Utafiti wa serikali na UNICEF uliotolewa Desemba 2006 ulikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Pwani walikuwa wakitumiwa katika ngono ya malipo. Aidha, ulionyesha kuwa kundi kubwa zaidi la wateja lilikuwa la Wakenya wenyewe. Kwa hivyo, tamthilia itakayotuonyesha zimwi la Kizungu pekee itatuhadaa.

Tunao mfano wa humu nchini. Simon Harris, Mwingereza mwanzilishi wa shirika la hisani, aliishi Gilgil akijulikana kama msaidizi wa watoto wa kurandaranda mitaani. Mambo yake yalianza kufichuka kupitia watengenezaji wa filamu ya Channel 4 waliokuwa wakiwarekodi watoto hao. Mahakama ya Birmingham ilimpata na hatia Desemba 2014, na Februari 2015 akafungwa miaka 17 na miezi minne. Mashahidi walitoa ushahidi wao kwa njia ya video kutoka Kenya. Swali ni je, kwa nini kamera ya wageni ilitangulia macho ya wenyeji?

Sehemu ya jibu imo katika sheria zetu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 ilileta matumaini makubwa, lakini kifungu cha 38 kilitishia kumwadhibu aliyetoa madai ya uongo kwa adhabu sawa na ya kosa lenyewe. Mama maskini angethubutu vipi kumshtaki tajiri? Kifungu hicho kilifutwa mwaka wa 2012. Hofu haikufutwa nacho. Hadi leo kuna kesi zinazomalizwa faraghani kwa fidia, eti aibu isitoke nje. Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua.

Watayarishaji wetu wa vipindi wasisite kuandika hadithi hizi. Lakini wapeleke kamera katika dawati la polisi ambako faili ilipotea, katika ofisi ya chifu aliyepokea bahasha, na katika mapokezi ya hoteli ambako mtoto alipandishwa ghorofani bila kuulizwa jina. Wasigeuze mateso kuwa burudani, wala wasimhukumu ambaye mahakama haijamhukumu. Na waige jambo moja jema katika The Reckoning: baadhi ya waathiriwa walizungumza wenyewe, kwa sauti zao.

Naam, tamthilia haiwezi kumfunga mtu jela. Inaweza, hata hivyo, kumfanya mwalimu mkuu wa Likoni au mzee wa mtaa wa Kisauni ajitambue katika sura ya yule aliyejua akanyamaza. Mwathiriwa wa kesho yungali mtoto shuleni leo, na watu hao wawili ndio wanaoweza kumwokoa.