Uzi Usioonekana na Samaki wa Naivasha

Jioni moja majuzi, nikiwa nimeketi barazani na majirani zangu hapa Bondeni, ulizuka ubishi ambao sikuutarajia katika mtaa ulio mbali na bahari kama huu wetu. Kijana mmoja, ambaye kila mwisho wa juma hupanda matatu kwenda Naivasha kuvua kwa mshipi, alishikilia kwamba tangu aanze kutumia uzi mwangavu wa nailoni badala ya ule mweusi uliosokotwa, samaki anaowapata wameongezeka maradufu. Mwenzake alimcheka. Mzee aliyekuwa akinywa kahawa kando yetu, na ambaye katika ujana wake alivua katika ziwa lilo hilo, aliingilia kati akasema, "Wajukuu zangu, sisi tulitumia kamba ambayo hata mimi niliiona nikiwa ukingoni, na mashua ilirudi imejaa."

Nilitakiwa kuamua. Taaluma yangu ni lugha wala si uvuvi, lakini nimelifuatia jambo hili kwa siku kadhaa, na naona kwamba lina uzito kuliko nilivyodhani. Linahusu sheria ya nchi, riziki ya maelfu ya watu, na namna tunavyowafundisha watoto wetu kupima dai kabla ya kulikubali.

Nianze na lugha, mwalimu wa lugha asije akalaumiwa kwa kuuacha uwanja wake. Muuza duka anapomwambia mnunuzi kwamba "uzi huu hauonekani", anatumia kauli ya kutendeka, ile kauli ambayo kwa tabia yake humficha mtenda. Hauonekani na nani? Na mnunuzi aliyesimama dukani mchana kweupe, akiushika uzi hewani? Au na samaki aliye kina cha mita mbili katika maji ya rangi ya chai ya maziwa? Sarufi yetu haimlazimishi muuzaji kutaja, naye hataji. Mnunuzi hulipa kwa ushahidi wa macho yake mwenyewe, ilhali macho yanayohusika ni ya kiumbe mwingine kabisa.

Hata hivyo, dai lenyewe si uongo mtupu. Mwalimu wa Fizikia anaweza kulionyesha kwa bilauri moja ya maji. Kitu chenye uwazi huonekana ndani ya maji kwa sababu nuru hupinda na kumeremeta inapotoka kwenye maji na kuingia katika kitu hicho. Kadiri vipimo vya upindaji vya vitu hivyo viwili vinavyokaribiana, ndivyo kitu kile kinavyofifia. Maji yana kipimo cha 1.33, nailoni takriban 1.53, na uzi wa flurokaboni, uliobuniwa Japani mapema miaka ya 1970, takriban 1.42. Kwa hiyo flurokaboni hufifia majini zaidi ya nailoni, na nailoni ya uzi mmoja hufifia zaidi ya kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi. Hapo kijana wetu ana hoja.

Lakini hebu tumtazame huyo samaki. Mashuhuri miongoni mwa wale wanaovuliwa kwa mshipi huko Naivasha ni yule wa Kimarekani aitwaye basi (msomaji asimchanganye na gari la abiria), aliyeletwa ziwani humo mwaka 1929. Watafiti wa Illinois, Marekani, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, walionyesha kwamba samaki huyu ana aina mbili tu za chembe za kuonea rangi, moja ya kijani na nyingine ya nyekundu. Nyekundu huitambua barabara. Buluu huichanganya na nyeusi, na manjano yenye ukijani huichanganya na nyeupe. Kwa maneno mengine, uzi wa buluu ambao sisi tunaudhania kuwa umejificha ndani ya rangi ya ziwa, kwake yamkini ni mstari mweusi tu. Kambare naye hategemei sana macho. Ana sharubu za kupapasia na kuonjea. Na samaki wengi wana mstari wa hisi ubavuni, ambao huwajulisha mtikisiko wa maji hata gizani.

Fauka ya hayo, kuna maji yenyewe. Ziwa Naivasha si kioo. Tangu samaki aina ya karpi aonekane humo, amekuwa akichimbua matope ya chini akitafuta chakula, na udongo na rutuba kutoka mashambani huzidi kuingia kwa njia ya mito. Katika maji kama hayo nuru hupotea upesi, na uzi mweusi na uzi mwangavu hutoweka vyote viwili baada ya umbali mfupi. Si jambo dogo hili la maji kuchafuka. Mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu furu wa Ziwa Viktoria, wakaonyesha kwamba maji yalipopoteza uangavu, majike walishindwa kutofautisha rangi za madume, na mipaka kati ya spishi ikaanza kufutika. Samaki asiyemwona mchumba wake ataonaje uzi?

Basi kwa nini kijana yule anapata samaki wengi zaidi? Simwiti mwongo. Ila alipobadilisha uzi hakubadilisha rangi peke yake. Uzi wake mpya ni mwembamba kuliko ule wa kale, hivyo chambo chake huelea na kucheza majini kama mdudu aliye hai, badala ya kukazwa na kamba nene. Yeyote anayehamia flurokaboni hubadilisha pia uzito, maana uzi huo huzama upesi kuliko nailoni na hufikisha ndoana mahali ambapo pengine samaki ndipo walipo. Mambo matatu yamebadilika kwa wakati mmoja, na sifa yote amepewa lile linaloonekana, au tuseme lile lisiloonekana. Kosa hili la hoja nalikuta kila mwaka katika tasnifu za wanafunzi wangu, wala si wote wanaolisahihisha.

Tukitoka kwenye mshipi na kuingia kwenye nyavu, ubishi wa barazani unageuka kuwa jambo la mahakama. Jarife la nailoni ya uzi mmoja limepigwa marufuku hapa Kenya, na vivyo hivyo Tanzania na Uganda. Ndugu zetu wa upande wa Tanzania wana hata jina lake, timba. Nailoni ile ile ambayo mwenye leseni anaruhusiwa kuifunga kwenye ndoana yake, ikifumwa kuwa wavu inamfikisha mtu kizimbani. Vijana wengi huuliza haki iko wapi katika hilo, na swali lao linastahili jibu lililo bora kuliko kirungu.

Jibu limo katika historia ya Ziwa Viktoria. Majarife ya kitani yaliingizwa katika Ghuba ya Winam mwaka 1905, na kwa muda ngege walivuliwa kwa wingi wa kustaajabisha. Haukupita muda mrefu kabla ya mapato ya kila wavu kuanza kushuka. Michael Graham, aliyelichunguza ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, alipendekeza kwamba macho ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5 ili samaki wapate kuzaa kabla ya kunaswa. Kisha katika miaka ya 1950 ikaja nailoni: nyembamba, imara, isiyooza, na isiyoonekana kwa urahisi. Kila mvuvi aliyeinunua alipata zaidi ya jirani yake. Jirani naye akainunua. Walipokwisha kuinunua wote, faida ya kila mmoja juu ya mwenzake ilikuwa imekwisha, na ngege nao walikuwa wakielekea kwisha.

Huo ndio undani ambao mzee wetu wa barazani aliugusa bila kuutaja. Kamba yake ilionekana, naam, na mashua yake ilijaa kwa kuwa samaki walikuwapo. Uzi hauzai samaki. Unaweza tu kuamua nani atawapata mapema.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaodhani kwamba marufuku ya nailoni peke yake itaiponya Naivasha. Ziwa hilo lilifungwa kwa uvuvi mwaka mzima kuanzia 2001, baada ya samaki kupungua mno, na hatua hiyo ilikuwa na maana kwa sababu iliwapa samaki muda. Kuchoma nyavu ufukoni mbele ya kamera hakuwapi muda huo. Anayenyang'anywa jarife la uzi mmoja leo hununua jingine kesho, kwa kuwa ni rahisi kuliko lililosokotwa. Aghalabu mnunuzi huyo ni kijana asiye na mashua wala leseni, anayeingia majini kwa miguu miongoni mwa viboko, na wapo waliopoteza maisha kwa njia hiyo. Yeye ndiye anayekamatwa. Aliyeziingiza nyavu hizo nchini kwa marobota hatumsikii akitajwa. Tena kauli ile ile ya kutendeka: nyavu "zimepatikana".

Na lipo jambo la macho ya wavu, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko rangi ya uzi. Wavu unaoonekana vizuri lakini wenye macho ya inchi 2 utakomba vifaranga vyote vya ngege kwenye mafunjo. Afisa mwenye rula mkononi angeliokoa ziwa zaidi ya afisa anayetazama iwapo uzi unameta. Ubaya ulio wa pekee kwa nailoni ya uzi mmoja ni kwamba hukatika, hutupwa au hupotea majini, kisha huendelea kunasa samaki kwa muda mrefu bila mwenyewe kuwapo. Kwa sababu hiyo naiunga mkono sheria, ingawa sababu hiyo sijaisikia ikielezwa kwa wavuvi kwa Kiswahili chepesi.

Nilirudi barazani jioni iliyofuata. Nilimwomba kijana yule, Jumamosi atakapokwenda, achukue mishipi miwili yenye unene mmoja, mmoja mwangavu na mmoja mweusi, ndoana za ukubwa mmoja na chambo cha aina moja, akiibadilishana nafasi kila baada ya nusu saa, na aandike kila samaki, saa, na hali ya maji. Alisema mara moja haitatosha. Nikafurahi kuliko alivyojua, nikamwambia afanye hivyo Jumamosi kumi. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwapo aliahidi kumpa daftari, kwa sharti kwamba wanafunzi wake wa kidato cha tatu ndio watakaokokotoa matokeo. Mzee aliuliza samaki watakaovuliwa watakuwa wa nani.