Acheni Kukariri Hotuba, Jaji Atawakatiza Tu

Wasee wa sheria, leo mtanisamehe. Kuna kitu tunafanya vibaya kwa moot, yale mashindano ya mahakama ya mfano ambapo wanafunzi hubishania kesi ya kubuni mbele ya majaji, na kila mwaka tunakirudia.

Tunapika hotuba. Dakika kumi na tano zimeandikwa neno kwa neno, na mwenye kusimama anazikariri bafuni, kwa matatu, hadi usingizini. Siku ikifika, anasema sentensi tatu tu na jaji anainua mkono. "Wakili, tusimame hapo. Aya ya 14 inasema mteja wako alitia sahihi. Sasa?"

Hotuba imekufa hapo hapo.

Huyo wakili alikuwa mimi. Nilijibu, "Nitafika hapo, Mheshimiwa," jibu baya kuliko yote, kwa sababu mtu ameuliza sasa, hajauliza baadaye. Kisha nikakwama. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba jibu lilikuwa mita tatu kutoka niliposimama. Rafiki yangu aliyetufanyia utafiti alikuwa amekaa mezani, ameliandika kwa kikaratasi, na sheria za mashindano hazikumruhusu anipitishie nikishasimama. Akabaki kuniangalia nikizama.

Mbona hakusimama yeye? Kwa sababu alisoma shule ya kutwa huko mashinani na Kiingereza chake kina lafudhi ya nyumbani. Mimi nilikuwa na sauti ya redio. Hakuna aliyesema hivyo waziwazi, ilisemwa tu ati "yeye ni mzuri kwa utafiti." Ushawahi kusikia hiyo stori? Kuna watu wamemaliza miaka minne wakiambiwa hivyo.

Ukifanya mazoezi kwa hotuba, mwenye sauti ya redio lazima achaguliwe. Anza na maswali uone majina yakibadilika.

Chukua Jessup, mashindano ya sheria ya kimataifa yaliyoanza 1960. Timu inapewa dakika 45, wanasimama wawili, na muda wa kujibu maswali unatoka kwa dakika hizo hizo. Majaji wakiamua kukuhoji mwanzo mpaka mwisho, hiyo ndiyo siku yako. Hotuba yako utamsomea nani?

Najua kocha atasema kuna alama za uwasilishaji. Kweli zipo. Lakini kusikika vizuri si kusikika kama mtu wa London. Mashindano ya haki za binadamu ya Afrika, yanayoandaliwa na Chuo Kikuu cha Pretoria, huwa na timu za Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na lafudhi ni za bara zima. Hakuna anayezirai.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Karatasi moja, hoja tatu, na chini ya kila hoja andika swali ambalo unaomba Mungu usiulizwe. Hilo ndilo litakuja. Jibu lianze na ndiyo au hapana, sababu ifuate, kisha rudi kwa hoja yako bila kuomba msamaha. Jueni mapema ni kitu gani mtakubali, maana ukibishia hata jambo lililo wazi, majaji wanaacha kukuamini kwa yale mengine. Mmoja asimame, wengine wamkatize kila sekunde thelathini, halafu mbadilishane, pamoja na huyo wa utafiti. Yeye hasa.

Na mleteni mtu ambaye hajasoma sheria. Binamu, makanga, mama wa chapo, yeyote. Amsikilize wakili wenu dakika tano kisha aulize, "Kwa hivyo mnataka korti iwafanyie nini?" Timu yetu ingeanguka hapo. Tulikuwa na kurasa kibao za mamlaka ya sheria na hakuna aliyeweza kusema ombi letu kwa sentensi moja.

Rafiki yangu hakupata kusimama mwaka uliofuata. Alikuwa ashamaliza chuo. Mimi siku hizi huitwa kukaa kama jaji wa mazoezi, na timu ikiingia, kabla wafungue mafaili, nauliza nani alifanya utafiti. Kuna mtu hunyoosha mkono pale nyuma, polepole, kama ameshikwa na kosa.

Namwambia asimame yeye kwanza.