Uwanja wa Shule ni wa Nani?



Kila mara shule mbili zikutanapo uwanjani, swali la kwanza linaloulizwa nyumbani jioni ni hili: Nani ameshinda? Ni swali la haki, wala hatulilaumu. Mtoto aliyekimbia juani kwa ajili ya shule yake apenda kuulizwa. Lakini leo twawaomba wazazi na walimu wa Lulimba, na wa nchi yote ya Fizi, waongeze swali la pili, ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko la kwanza: Ni wangapi waliocheza?

Tufanye hesabu kidogo. Shule yenye wanafunzi 300 huchagua wachezaji 11 wa mpira na wachache wa akiba. Kwaya yake huchukua sauti 30 zilizo nzuri, na mchezo wa kuigiza huwataka watu 10. Waliobaki wafanya nini? Wapiga makofi kando ya uwanja. Wasichana, mara nyingi, hutumwa kuwatekea wachezaji maji. Na yule mwenye miguu mizito, au mwenye haya, ajifunza tangu utoto kwamba shule ni mahali pa kutazama wengine wakisifiwa.

Katika Lulimba jambo hili si dogo. Mji huu upo kwenye barabara itokayo Fizi kwenda Misisi na Kalemie, na huko Misisi kuna machimbo ya dhahabu. Shimo la dhahabu halichagui. Humpokea kila mtoto mwenye mikono. Asiyeona nafasi yake shuleni aweza kuitafuta huko. Hatusemi kwamba mpira peke yake utamrudisha darasani, maana umaskini na vita vimewafukuza wengi zaidi. Lakini umaskini na vita humshinda mwalimu. Kumpa mtoto nafasi ya kucheza hakumgharimu hata faranga moja.

Wengine watasema: mkiwachezesha wote, shule itapoteza kombe. Basi na tuitazame timu ambayo kila mtoto wa Kongo aijua, TP Mazembe ya Lubumbashi. Ilianzaje? Mwaka 1939, mji huo ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville, watawa Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface waliunda timu iliyoitwa Saint-Georges. Hawakutafuta mabingwa. Walitaka kuwapatia shughuli njema wanafunzi wasiokuwa wakielekea upadre, yaani wale ambao huenda wangebaki bila kazi katika saa za mapumziko. Timu hiyo ya wanafunzi ilishika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza. Baadaye, kwa jina la Englebert, ikawa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968; na mwaka 2010 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili. Wachezaji wasio wanafunzi walipoanza kuingizwa katika timu, wamisionari waliacha kuiongoza. Klabu ya mji yaweza kutafuta wachezaji popote, nayo haifanyi kosa. Shule siyo klabu. Shule inayoazima kijana mwenye ndevu ili imshinde jirani yake yamnyang'anya mwanafunzi wake mwenyewe nafasi, tena yamfundisha kwamba hila ni njia ya ushindi. Somo hilo halitamtoka upesi kama yale ya ubaoni.

Katika uimbaji pia tunao mfano, nao watoka Kamina katika Katanga. Padre Guido Haazen alikusanya huko watoto wapatao 45 wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15. Hawakuacha nyumbani ngoma zao wala namna ya kuimba ya wazee wao. Kwa hizo wakaitengeneza Missa Luba, iliyoimbwa mara ya kwanza katika misheni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo kwaya hiyo ilisafiri Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Angalieni: mwalimu hakusimama kando na fimbo, bali aliimba pamoja na mwanafunzi wake.

Kuna sababu nyingine ya kutuhimiza. Nchi ya Fizi imeonja vita, mwaka 1965 na tena tangu 1996. Wabembe, Wabuyu, Wafuliru na Wanyamulenge wote wana makaburi ya kulilia. Mashindano yenye timu ya kijiji hiki dhidi ya kile, au ya kabila hili dhidi ya lile, yaweza kuamsha maneno yaliyolala. Lakini watoto wa vijiji mbalimbali wakivaa rangi moja, mmoja akampa mwenzake mpira naye akafunga, wamepata jambo la kukumbuka pamoja ambalo si vita.

Basi twatoa mashauri machache. Kila darasa na liwe na timu yake, ya wavulana na ya wasichana, kabla timu ya shule haijachaguliwa. Katika ngoma na michezo ya kuigiza, asiyeimba na apige ngoma, na asiyeweza kusema mbele za watu na atengeneze mavazi. Wazee waitwe wafundishe nyimbo zao. Na pamoja na kombe la mshindi, iwepo zawadi kwa shule iliyochezesha wengi na kucheza kwa adabu.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, wataja mchezo na sanaa kuwa haki ya kila mtoto, wala hausemi kwamba ni ya hodari peke yao.

Wahenga walinena: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi twaongeza: asiyepewa nafasi hawezi hata kujifunza kushindwa. Jioni ya mchezo ujao, mzazi, mwulize mwanao kama shule yake imeshinda. Kisha mwulize kama yeye naye alicheza. Akijibu hapana, kesho yake nenda ukaseme na mwalimu wake.