Gari Lenye Mkia Mwepesi



Majuzi baba mmoja wa huku kwetu Kivu alitujia na shida ya motokari yake. Ni kamioneti ya kuchukulia mizigo, yenye springi za majani upande wa nyuma. Kwa ajili ya mashimo ya barabara alitaka iinuke. Fundi akaongeza majani mawili katika kila springi, tena akaviondoa vile vyuma vifupi vinavyoning’iniza ncha ya nyuma ya springi, akatia virefu. Gari likasimama juu kama jogoo, na mwenyewe akafurahi.

Siku ya mvua alikuwa akishuka mteremko wa Ngomo, katika njia ya kwenda Uvira, pamoja na mkewe na watoto wawili. Katikati ya kona akaona anakwenda mbio mno, akainua mguu upesi. Mara mkia ukatoka nje, gari likazunguka, likasimama likitazama lilikotoka. Hakuna aliyeumia, bali mama wa watoto amekataa kulipanda tena. Baba huyu alinunua shokapu mpya mbili, na mkia ukazidi kucheza vilevile. Sasa ametuuliza anunue nini tena.

Tulimwambia asinunue kitu. Kwanza na atueleze ni saa gani mkia unacheza. Maana ukicheza katika njia iliyonyoka, kwa kila shimo, twashuku shokapu zilizokufa, au bushi zilizolika, au bolti zilizolegea. Ukitoka wakati wa kufunga breki tu, yafaa kutazama breki zenyewe. Ukitoka katika kona za kulia tu, au za kushoto tu, huenda ekseli haikukaa sawa. Yeye alijibu kwamba katika njia iliyonyoka gari ni tulivu kabisa. Shida ni katika kona, za pande zote mbili, hasa akiinua mguu. Kumbe zile fedha za shokapu zilikuwa zimetupwa.

Na hilo la kuinua mguu lafaa lieleweke. Magurudumu ya mbele yakiteleza, gari hukataa kukata kona. Dereva hupunguza mwendo nalo hutii. Ya nyuma yakiteleza, ile hofu inayomfanya dereva aachilie mafuta ghafula ndiyo inayomwangusha, kwa sababu uzito hukimbilia mbele na mkia huzidi kuwa mwepesi.

Tukaanza na mipira, kwani kuitazama hakuna gharama. Ile mipya aliiweka mbele, akidhani penye usukani ndipo penye kazi. Iliyolika aliiacha nyuma. Tena ya nyuma ilikuwa na upepo wa kuchukua tani nzima, hali gari lilikuwa tupu. Mambo hayo mawili peke yake yatosha kulitupa gari katika maji. Wazee wetu watakumbuka Chevrolet Corvair ya Marekani, yenye injini nyuma, ya modeli ya mwaka 1960: kiwanda kiliagiza paundi 15 tu za upepo mbele na 26 nyuma, na watu wengi hawakuyashika maagizo hayo. Ralph Nader aliandika habari zake katika kitabu chake cha mwaka 1965, na mwaka huohuo mitambo ya nyuma ya gari hilo ilikuwa imekwisha kuundwa upya.

Baada ya mipira tulipima kwa kamba, toka kati ya gurudumu la mbele hata kati ya gurudumu la nyuma, kulia na kushoto. Zikawa sawa. Bolti zinazobana springi na ekseli zilikaza. Hizi hulegea mara nyingi majani yakiongezwa, na lazima zikazwe tena baada ya safari za kwanza.

Basi, vikabaki vile vyuma virefu. Ncha ya mbele ya springi imefungwa mahali pasiposogea. Ukirefusha vyuma vya nyuma, ekseli hukaa chini kuliko ncha ile. Gari linapoinama katika kona, gurudumu la upande wa nje hupanda kuikaribia bodi, na papo hapo hurudi nyuma kidogo. La ndani hushuka na kusogea mbele. Hivyo ekseli nzima hupinda, na magurudumu ya nyuma huelekea nje ya kona, kana kwamba kuna usukani wa pili ambao dereva haushiki. Tena yale majani ya ziada yameufanya mkia kuwa mgumu kuliko mbele. Katika kona gurudumu la ndani la nyuma halikanyagi chini vizuri, na kazi yote humwelemea mwenzake.

Tulimshauri abadili jambo moja moja, na kujaribu mahali papana, polepole, bila watu garini. Alihamisha mipira na kupunguza upepo: penye ukavu gari likatulia, penye maji bado. Akarudisha vyuma vifupi: mkia ukaacha kujiendesha. Mwisho akatoa jani moja kila upande. Moja ameliacha, maana siku za soko huchukua viazi.

Limebaki neno la breki. Kati ya ekseli na chesisi ya gari hilo kuna fimbo inayoonyesha kama limebeba mzigo, ili breki za nyuma zipewe nguvu ipasayo. Mkia ukiinuliwa, fimbo huonyesha kwamba gari ni tupu hata likiwa na magunia, na breki za nyuma hunyimwa nguvu. Fundi hakuigusa alipoongeza majani. Jumamosi ataipima upya, magunia yakiwa ndani.