Elimu ya Vinasaba na Haki ya Kuuliza

Wapo wasomi wasemao kwamba maadili ni pingu za sayansi. Hunena: na tupate maarifa kwanza, adabu yake tutaitafuta baadaye. Hoja hii husikika kama busara, kumbe ni uvivu uliovikwa joho. Maarifa ya vinasaba hayafanani na maarifa ya mawe wala ya nyota. Jiwe halina jamaa, na nyota haioni haya. Lakini damu ya mtu humtaja baba yake na mama yake, ndugu zake waliopo na wajukuu wake wasiozaliwa bado. Na atoaye tone moja ametoa habari za wengi ambao hawakuulizwa.

Tusidhani kuwa jambo hili ni la ng'ambo. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alianza kukusanya damu za watu wa Afrika ya Mashariki; na mwaka 1954 akatangaza kuwa aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga mbele ya malaria. Ugunduzi ule ulikuwa mkubwa, na hata leo husomeshwa duniani kote. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya ugonjwa huo iletwayo kwa kuhariri vinasaba vya mgonjwa, na bei yake Marekani ikatangazwa kuwa dola 2,200,000 kwa mtu mmoja. Sidai kwamba tiba hiyo ilichotwa katika damu zile. Nasema kuwa Afrika, ambako wagonjwa ni wengi kuliko pengine popote, ndiko tiba iliko mbali zaidi; na hakuna chombo cha maabara kiwezacho kupima kama hiyo ni haki. Swali la haki humtaka mtu aliyefundishwa kuliuliza.

Yamkini nitajibiwa: mbona tunazo kamati, na kila mchangiaji hutia saini? Hapana shaka kamati zipo na karatasi zipo. Lakini na tutazame yaliyowapata Wahavasupai, wenyeji wa bonde la Grand Canyon huko Marekani. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu zao kwa watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la Arizona, wakiamini kuwa zitatumika kuchunguza ugonjwa wa kisukari uliokuwa ukiwaangamiza. Baadaye wakatambua kuwa damu zilezile zilitumika kuchunguza maradhi ya akili, kuzaana kwa jamaa wa karibu, na asili ya kabila lao, mambo ambayo kwao yaligusa heshima na imani. Saini zilikuwapo, na maneno ya karatasi yalikuwa mapana. Mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa watu 41 dola 700,000 na kurudisha damu iliyosalia. Basi saini haikutosha kuwa ridhaa.

Na sisi tulio wenye Kiswahili twalijua hilo kwa neno lenyewe. Ridhaa ni kuridhika, nako kuridhika ni kazi ya moyo uliofahamu. Mama aliyempeleka mtoto zahanati akisomewa kwamba sampuli itahifadhiwa kwa tafiti za baadaye, ataitika kwa adabu; lakini je, ameambiwa kuwa baadaye hiyo ni miaka mingapi, na ni kwa faida ya nani? Karatasi iliyofikiriwa kwa Kiingereza, ikafasiriwa kwa haraka jioni moja kabla ya kazi, haiwezi kumjibu. Atakayemjibu ni mtu ajuaye sayansi na ajuaye lugha, na mtu wa namna hiyo hazuki kama uyoga; hufundishwa.

Wengine wamekwisha kulitambua hili. Marekani ilipoanza mradi wake mkuu wa vinasaba vya binadamu mwaka 1990, ilitenga asilimia 3, kisha 5, ya fedha za mradi kwa ajili ya kuchunguza matokeo yake katika maadili, sheria na jamii. Mwaka 2017 Wasani wa Afrika Kusini, watu waliochoka kuchunguzwa, walitoa kanuni zao wenyewe kwa kila mtafiti awaendeaye, wakadai heshima, ukweli, haki na uangalizi. Ni aibu kwa vyuo vyetu ikiwa wawindaji wa jangwani wamewatangulia maprofesa.

Atasema mtu kuwa miradi mikubwa imetufanyia kazi hiyo. Kweli, mradi wa H3Africa, ulioendeshwa kuanzia mwaka 2012 hadi 2022 kwa fedha za taasisi za Marekani na Uingereza, uliwapa nafasi watafiti wa maadili wa Kiafrika. Lakini mradi ni mgeni, na mgeni huaga. Chuo ni mwenyeji, naye mwenyeji hana ruhusa ya kungoja ugeni ndipo apike.

Kwa hiyo nataka mambo matatu, wala siyaombi kwa unyenyekevu. Kila chuo chetu kisomeshacho vinasaba kisomeshe pamoja navyo maadili yake, kwa mtihani wenye uzito sawa, na mwanafunzi apimwe kwa Kiswahili jinsi awezavyo kumweleza mtu asiyesoma. Kila fungu la fedha za utafiti litoe sehemu yake kwa wanasheria, wanalugha na wanazuoni wa jamii, nao wawe huru kupinga utafiti uwalishao. Na wale waliotoa damu waitwe kusikia yaliyopatikana humo, kabla hayajasomwa na wageni. Chuo kitakachokataa haya kitaendelea kutoa mahodari wa kuchota damu. Ila kisijigambe kuwa kinatoa wasomi.