Lishe ya Mgonjwa na Deni la Wanakiswahili

Sindano haihitaji kueleweka ndipo ifanye kazi. Kidonge nacho, madhali kimemezwa, huyeyuka tumboni na kuingia katika damu ya profesa sawasawa na kinavyoingia katika damu ya mtu asiyejua kusoma. Lishe ya tiba haiko hivyo. Mgonjwa wa kisukari, wa moyo au wa figo anaporuhusiwa kwenda nyumbani, sehemu kubwa ya tiba yake huwa ni maneno aliyoambiwa na muuguzi kando ya kitanda: ale nini, asile nini, kwa kiasi gani, na kipikwe vipi. Maneno hayo yakipotoka, tiba nayo imepotoka. Ndiyo sababu suala la chakula cha mgonjwa, ambalo kwa miaka mingi limeachiwa wauguzi na wataalamu wa lishe peke yao, ni suala la wanaisimu pia, na hususan la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya.

Muuguzi wa Kenya husomea taaluma yake kwa Kiingereza. Vitabu vyake ni vya Kiingereza, mitihani yake ni ya Kiingereza, na faili anayoijaza kila zamu imeandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Kisha humgeukia mgonjwa na kumsemesha kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama pale wanapobahatika kuwa nayo moja. Tafsiri hiyo hufanyika papo hapo, kichwani, na mtu ambaye hakupata kufunzwa tafsiri, aliyesimama tangu alfajiri, na ambaye wagonjwa wengine wanamngoja. Ni kazi nzito, na haki ni kuwashukuru wauguzi kabla ya kuwakosoa. Hata hivyo, shukrani hazizuii uchunguzi.

Wasomi wengi wanapoulizwa kuhusu tatizo hili hukimbilia jibu lililozoeleka: Kiswahili kina upungufu wa istilahi za kitaalamu. Jibu hilo lina ukweli kidogo na uvivu mwingi. Protini, vitamini, madini, wanga, nyuzinyuzi, virutubishi na utapiamlo ni maneno yaliyokwisha kuingia katika vitabu vya shule, na TUKI ya Dar es Salaam ilikwisha kuchapisha kamusi nzima ya tiba. (Ni kweli kwamba wanga lina vituko vyake, kwani mwanafunzi yeyote wa isimu anajua kuwa ni wingi wa mwanga pia, yaani mchawi wa usiku, lakini hakuna mgonjwa aliyekufa kwa sababu ya utani huo.) Hatari haimo katika maneno mageni. Mgonjwa akilisikia neno geni huuliza maana yake, au angalau hujua kuwa hakuelewa. Hatari imo katika maneno ya kawaida kabisa, ambayo muuguzi na mgonjwa wote wawili wanayajua, na kila mmoja anayajua kwa namna yake.

Neno chumvi ndilo mfano ulio wazi zaidi. Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, hata miguu ikavimba, huambiwa: “Mama, usile chumvi.” Kauli hiyo ni fupi, ni sanifu, na haina kosa lolote la sarufi. Lakini kinachomdhuru mama huyo si chumvi kama anavyoijua yeye, yaani ile nyeupe ya pakiti. Ni sodiamu, ambayo huyazuia maji mwilini yasitoke. Mama akifika nyumbani, Vihiga au Siaya, ataiweka kando pakiti ya chumvi kwa uaminifu mkubwa. Kisha atainjika chungu cha kunde au mrenda na kutia magadi ili mboga ilainike, kama alivyofundishwa na mamake. Magadi hayo, ambayo ziwa lenye jina hilo huko Kajiado limejaa tele, ni kabonati ya sodiamu iliyochanganyika na bikabonati yake. Sodiamu iliyokatazwa hospitalini imerudi chunguni kwa jina jingine. Mama hakukaidi amri. Katika Kiswahili chake, na katika Kiswahili cha kila mtu, magadi si chumvi. Wiki chache baadaye anarejeshwa wodini akiwa amevimba zaidi, na katika faili yake huenda likaandikwa neno la Kiingereza lenye maana kwamba mgonjwa hafuati masharti.

Pwani chungu ni kingine lakini shida ni ile ile. Mtu aliyeacha kabisa kutia chumvi katika mchuzi anaweza kuendelea kula ng'onda bila wasiwasi, maana ng'onda ni samaki, na samaki hakukatazwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai. Kipimo hicho hakina faida kwa mtu asiyejua kwamba sehemu ya kijiko hicho imekwisha kuliwa ndani ya mkate na ndani ya samaki.

Kwa mgonjwa wa figo mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu adui wake anaweza kuwa potasiamu. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa mwilini, na ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Mgonjwa wa namna hii akisikia ule ushauri wa jumla unaotolewa kwa kila mtu, kwamba ale matunda na mboga kwa wingi, anaweza kuangamia kwa kutii. Ndizi, parachichi, maharagwe, spinachi na hata maji ya madafu, ambayo watu wa Pwani huyasifu kuwa huosha tumbo, yote yana potasiamu nyingi. Na huko magharibi mwa nchi kuna munyu wa kienyeji ambao Waluhya huuita mushereka, maji yachujwayo kutoka katika jivu la makapi ya maharagwe au maganda ya ndizi. Jivu la mimea lina potasiamu tele. Mgonjwa aliyeambiwa aache chumvi, akaona amefanya busara kurudia munyu wa mababu, ameacha dhara moja na kushika jingine. Hakuna istilahi mpya inayoweza kumwokoa huyu. Kinachoweza kumwokoa ni muuguzi anayejua kuwa mushereka upo, anayelijua jina lake, na anayethubutu kuuliza. Ajue pia kwamba viazi vikikatwa vipande, vikachemshwa katika maji mengi, na maji hayo yakamwagwa, potasiamu hupungua. Maelezo hayo yote yanaelezeka kwa vitenzi vya jikoni: kata, chemsha, mwaga.

Ugonjwa wa kisukari umetegwa na jina lake lenyewe. Nchini Kenya watu husema fulani “ana sukari”. Kwa mantiki ya jina hilo, tiba ni kuiacha sukari, na wengi huiacha kweli: hunywa chai kavu, hukataa soda, kisha huketi mbele ya mlima wa ugali au chapati nne wakiamini kuwa wametii. Wengine huhamia kwenye asali kwa kuwa asali ni dawa. Ugali nao, baada ya kusagwa tumboni, huishia kuwa sukari katika damu, na asali haihitaji hata safari hiyo ndefu. Kwa upande mwingine, mgonjwa anayejidunga insulini akiambiwa tu “punguza chakula”, huweza kuruka mlo mzima, sukari ikashuka ghafla, akazirai njiani. Afadhali aoneshwe sahani: nusu yake mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharagwe, samaki au nyama. Na aoneshwe mbele ya yule anayepika, kwani waume wengi wanaohutubiwa wodini kuhusu mapishi hawajui hata chumvi hutiwa wakati gani.

Kuhusu kitenzi kula, mfano mmoja unatosha. Mgonjwa anayengoja upasuaji huambiwa asile kitu tangu usiku. Asubuhi anaulizwa kama amekula, anajibu kwa moyo safi kwamba hajala. Amekunywa chai ya maziwa tu. Uji nao hunywewa, hauliwi. Na kwa Mkenya, kunywa chai huweza kumaanisha chai pamoja na mandazi mawili. Mtu huyu akitiwa nusukaputi, yaliyomo tumboni yanaweza kupanda na kuingia katika mapafu. “Usitie chochote kinywani, hata chai, hata uji” ni sentensi ndefu kidogo, lakini haina mwanya.

Inasemekana kwamba mgonjwa asiyeelewa angeuliza. Anayesema hivyo hajui adabu za Kiswahili zilivyo wodini. Muuguzi akiuliza, “Umeelewa, mzee?” jibu ni “Ndiyo, sista,” na haliwezi kuwa jingine, kwa sababu swali lenyewe limefungwa, na kulikana mbele ya mtu aliyekuuguza ni utovu wa heshima. Swali lililo bora ni lile linalomwachia mgonjwa nafasi ya kueleza: “Mzee, ukifika nyumbani leo jioni mtapika nini, na mtakipika vipi?” Hapo magadi yatajitokeza yenyewe. Wanapragmatiki wameandika mengi juu ya vitendo vya usemi na adabu katika mazungumzo, lakini aghalabu mifano yao hutoka katika tamthilia na riwaya. Wodi imejaa mifano ambayo haijaguswa.

Upo mfano mwingine wenye uchungu wa pekee, nao ni wa mtoto mwenye utapiamlo mkali. Mtoto huyo akilazwa, siku za kwanza hapewi chakula kizito. Hupewa maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Baadaye tu, hali yake ikitulia, ndipo huhamishiwa F-100 au ile siagi ya karanga ya pakiti. Sababu ni kwamba mwili uliozoea njaa ukilishwa kwa pupa, chumvichumvi za damu huvurugika na moyo huweza kushindwa. Lakini mama anaona nini? Anaona mwanawe aliyekonda akinyweshwa kikombe kidogo cha “maziwa mepesi”. Katika Kiswahili, uji mwepesi ni uji wa umaskini, na maziwa mepesi ni maziwa ya mchuuzi aliyetia maji. Mama mwenye akili timamu na mapenzi ya mzazi ataficha ugali chini ya khanga na kumlisha mwanawe usiku. Kivumishi kimoja kimemfanya aamini kuwa mwanawe anadhulumiwa. Laiti angeambiwa kwamba hayo ni maziwa ya kuanzia, na kwamba mwili wa mtoto unafundishwa kula upya kama wa mchanga, pengine angekuwa mlinzi wa kwanza wa ratiba hiyo.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba neno kwashakoo halikuzaliwa Ulaya. Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina ambalo akina mama wasemaji wa Kiga walikuwa wakilitumia: maradhi ya mtoto aliyepokonywa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Ndani ya neno hilo la kijijini mlikuwa na chanzo cha maradhi, nacho ni kuachishwa ziwa na kulishwa uji mtupu. Daktari aliyapata hayo kwa kuwasikiliza wanawake. Florence Nightingale naye, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alitenga sura mbili kwa ajili ya chakula, akilalamika kwamba wagonjwa wengi hufa njaa huku chakula kipo, kwa kukosa mtu wa kuangalia jinsi wanavyoweza kukila.

Sheria haiko kimya. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inataka mgonjwa apewe maelezo kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Pamoja na hayo, idara za Kiswahili zimeendelea kutoa tasnifu juu ya riwaya zile zile, na vikao vya istilahi vimeendelea kusanifu maneno ambayo hakuna muuguzi aliyeulizwa kama anayahitaji. Si kwamba riwaya hazina thamani. Ila mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetafuta mada angeweza kukaa majuma manne katika kliniki ya kisukari ya kaunti yake, kwa idhini inayostahili, akakusanya majina ya vyakula, vipimo na mapishi kama wagonjwa wanavyoyataja, akayawasilisha kwa chuo cha uuguzi kilicho jirani. Wahadhiri nao wangeweza kudai kwamba somo la mawasiliano katika vyuo hivyo liwe na saa kadhaa za Kiswahili cha wodini, kifundishwe na muuguzi na mwanaisimu bega kwa bega.

Kazi hiyo ina maswali yake magumu. Kwa wagonjwa wengi Kiswahili ni lugha ya pili, na huenda jibu la mwisho likawa katika Kiluhya, Kidholuo au Kigiriama. Hata karatasi moja ya maelekezo kwa mgonjwa wa moyo italeta ubishi: je, iandikwe “chumvi” na kufuatiwa na orodha ndefu ya magadi, mushereka na ng'onda, au lifufuliwe neno munyu, ambalo katika kamusi za zamani lina maana ya chumvi, ili lifunike yote kwa pamoja? Hilo haliwezi kuamuliwa katika ukumbi wa mihadhara. Sharti aulizwe mgonjwa wa Kakamega na mgonjwa wa Kwale, kila mmoja peke yake, neno hilo linamjia na picha ya kitu gani.